Kosa na Kanuni: Habari za Bendi ya The Shaggs ya Fremont

Mji wa Fremont umo katika jimbo la New Hampshire, kaskazini mashariki ya Marekani, si mbali na pwani ya Atlantiki. Zamani uliitwa Poplin, na jina la sasa ulipewa mwaka 1854. Ni mji mdogo. Hata hesabu ya watu ya mwaka 1970 haikufikia watu 1,000. Wenyeji wake waliishi kwa mashamba, kwa mbao na kwa kuunda mapipa, na wengine walitoka kila siku kwenda kufanya kazi katika viwanda vya miji ya jirani. Humo ndimo ilimozaliwa The Shaggs, bendi ya muziki wa roki ya wasichana watatu, ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Bendi hiyo ilidumu miaka michache, ikatoa santuri moja tu katika uhai wake, na santuri yenyewe karibu haikununuliwa na mtu. Walakini habari zake zastahili kuchunguzwa, na hasa na watu wenye kazi ya lugha, kwa sababu kila aisikiaye santuri hiyo mara ya kwanza hutoa hukumu moja bila kusita: wapigaji hawa wanakosea. Neno la kuulizwa ni kwamba kosa hilo ni kosa la namna gani.

Baba yao, Austin Wiggin, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha pamba huko Exeter. Mama yake Austin alikuwa na mazoea ya kutazamia kwa kusoma viganja vya mikono, naye alipomtazama mwanawe alimtabiria mambo matatu: kwamba ataoa mwanamke mwenye nywele za rangi ya dhahabu iliyochanganyika na wekundu, kwamba atapata watoto wawili wa kiume baada ya yeye bibi kwisha kufa, na kwamba binti zake watafanya bendi itakayopata sifa. Mambo mawili ya kwanza yakatukia kama alivyosema. Kwa Austin ushahidi huo ulitosha, naye hakuwa mtu wa kukaa akingojea majaliwa yaje yenyewe. Aliwatoa binti zake shule, akawaandikisha katika masomo ya njia ya posta ya chuo kimoja cha Chicago, akawanunulia magita, ngoma na vikuza sauti, akawatafutia walimu. Kisha akawapangia siku yao yote kwa saa: asubuhi kujizoeza muziki, mchana masomo, jioni mazoezi tena, na mazoezi ya viungo kabla ya kulala. Mshahara wa kiwandani si mkubwa, na watoto nyumbani walikuwa wengi. Yafaa kukumbuka hayo kabla ya kumcheka.

Helen, mkubwa wao, alipewa ngoma. Dorothy, aliyezoea kuitwa Dot, alipewa gita la kuongoza, naye ndiye aliyetunga nyimbo na kuziimba. Betty alipiga gita la pili na kuimba pamoja naye. Baadaye mdogo wao Rachel aliingia na gita la sauti nzito. Jina la bendi alilichagua baba, kwa kufuata mtindo wa kukata nywele uliopendwa na vijana wa siku zile, na pia mbwa wenye manyoya marefu. Hakuna mmoja katika wasichana hao aliyeomba kuwa mwanamuziki. Hilo ni jambo la kwanza la kushikwa katika historia hii, na wengi walioiandika wameligusa kwa ncha ya kidole tu, wakaharakia mambo ya kuchekesha.

Mwaka 1968 walipanda jukwaani mara ya kwanza mbele ya watu, katika mashindano ya vipaji huko Exeter. Watazamaji waliwazomea na kuwatupia makopo ya soda. Wasichana waliona haya, wakataka kuacha. Baba akasema kwamba dawa ya hayo ni kujizoeza zaidi. Mwaka huo huo akawapatia nafasi ya kupiga kila Jumamosi usiku katika ukumbi wa mji wa Fremont. Mama yao, Annie, alisaidia mlangoni na katika kuuza vinywaji, na ndugu zao wa kiume nao walipewa kazi. Vijana wa mjini walikuja, wengine kucheza, wengine kudhihaki, kwa kuwa Fremont haikuwa na mahali pengine pa kwenda Jumamosi usiku. Bendi pia ilikwenda kuwatumbuiza wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Dansi za ukumbini ziliendelea mpaka mwaka 1973, ndipo wakubwa wa mji walipozisimamisha.

Mwezi wa Machi 1969 Austin aliwapakia binti zake katika gari akawapeleka Revere, katika jimbo la Massachusetts, kwenye studio iliyoitwa Fleetwood, ili nyimbo zao zinaswe katika santuri. Wasichana wenyewe hawakujiona kuwa tayari, na mafundi wa studio, mara walipowasikia, walikuwa na maoni hayo hayo. Baba hakukubali kungoja. Alitaka sauti zao zishikwe wakati moto ungali ukiwaka. Kwa siku moja zilipigwa nyimbo kumi na mbili, zote za Dot. Santuri ikaitwa kwa jina la wimbo wake wa kwanza, Philosophy of the World. Zilichapwa nakala 1,000. Mtu aliyeshika kazi hiyo alitoweka na nakala zipatazo 900, au hivyo ndivyo ukoo ulivyosimulia daima, na nakala mia moja hivi zilizobaki ziligawiwa marafiki na vituo vichache vya redio. Juu ya jalada Austin aliandika maneno ya kuwasifu binti zake, akisisitiza kwamba muziki wao ni safi, haukuingiliwa na mambo ya nje. Alidhani anauza bidhaa. Kumbe alikuwa akitoa maelezo sahihi kuliko yote yaliyopata kuandikwa juu yao, kama itakavyoonekana.

Sasa santuri yenyewe. Nyimbo zake zina maneno mepesi: wazazi ndio wanaowapenda watoto kuliko wote, matajiri hutamani walicho nacho maskini, na maskini hutamani walicho nacho matajiri, paka wa Dot, aitwaye Foot Foot, amepotea na kutafutwa. Maneno hayamshangazi mtu. Kinachoshangaza ni jinsi yanavyochukuliwa na muziki. Katika nyimbo za roki za miaka ile, kama katika nyimbo nyingi za Kizungu zilizovuma, mapigo hugawanywa katika mafungu yaliyo sawa, manne manne, na mtunzi hulazimika kuyabana maneno au kuyavuta mpaka yaingie katika mafungu hayo. Dot hafanyi hivyo. Kila silabi aipa noti yake. Sentensi ikiwa ndefu, lahani hurefuka. Ikiwa fupi, hukoma pale pale. Gita lake halisindikizi sauti bali huifuata nyayo kwa nyayo, noti kwa silabi, na sauti ya Betty huandamana nazo. Nyuzi za magita mawili hazikukazwa zikapatana. Na ngoma za Helen zina mwendo wake mwenyewe, uliotulia, usiojali sana lahani imefika wapi. Mara hukutana nayo, mara huachana, kama watu wawili wanaokwenda sokoni kwa njia mbili na kuonana kwenye njia panda.

Msomaji aliyelelewa katika mashairi ya Kiswahili atalielewa jambo hili upesi kuliko mhakiki wa New York. Mshairi wetu naye huhesabu silabi, lakini huzihesabu ili azitie ndani ya kipimo kilichokwisha kuwekwa: mizani minane na minane, na neno lisilotosha hufupishwa au hubadilishwa na lingine. Kipimo ndicho bwana, neno ni mtumishi. Kwa Dot neno ni bwana na kipimo hakipo, au tuseme kipimo huzaliwa upya pamoja na kila mstari. Huo ndio utaratibu wa usemi wa kawaida. Mtu asemaye na jirani yake dukani hahesabu mizani. Maana yake ni kwamba wimbo wa Dot ni usemi uliopewa noti bila kupewa kipimo.

Je, huo ni utaratibu au ni fujo? Watu wa studio ile wamesimulia jambo ambalo wengi huliona kuwa kichekesho. Wasichana walikuwa wakipiga, mara wakakatiza wimbo katikati, mmoja akaeleza kwamba mwenziwe amekosea, wakaanza tena mwanzo. Mafundi waliokuwa nyuma ya kioo walishindwa kuelewa wamejuaje. Walakini kwa mtaalamu wa lugha kisa hicho ndicho chenye uzito kuliko vyote. Mwaka 1967 S. Pit Corder, mwanachuoni wa Uingereza, aliandika makala mashuhuri juu ya makosa ya wanaojifunza lugha. Alitenga namna mbili. Iko namna ya kuteleza tu, ambayo hata mwenye lugha hupatwa nayo akichoka au akiharakishwa, naye mwenyewe huweza kujisahihisha mara moja. Na iko namna nyingine, ambayo msemaji hawezi kujisahihisha kwa sababu kwake si kosa. Amefuata kanuni aliyo nayo kichwani, ila kanuni hiyo siyo ile ya wenye lugha. Mwaka 1972 Larry Selinker akaendelea mbele, akaonyesha kwamba lugha ya mwanafunzi, iliyo kati ya lugha ya kwao na lugha anayoitaka, ni lugha yenye utaratibu wake, nayo yaweza kuganda mahali ilipofika ikiwa msemaji haendelei kukutana na wenye lugha.

Msichana anayesema "nimekosea, tuanze tena" anajua tofauti kati ya kuteleza na kutoteleza. Basi ipo kanuni. Kama wangekuwa wakipiga ovyo, pasingekuwapo na kitu cha kukatizia wimbo. Neno ambalo mafundi waliliita kosa lilikuwa limo katika kanuni, na neno ambalo wasichana waliliita kosa mafundi hawakuweza hata kulisikia. Pande mbili hizo zilitenganishwa na kioo kimoja, zikisikiliza sauti zile zile.

Hapa yafaa kujihadhari, maana kuna njia nyepesi ya kwenda mbele ambayo imewapoteza wengi. Njia hiyo husema: ikiwa wana kanuni yao, basi hawakukosea kabisa, waliokosea ni wale waliowazomea Exeter. Hoja hiyo hutumika kwa haki kuhusu lahaja. Kiunguja kilipochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, maneno yaliyokuwa sahihi midomoni mwa watu wa Mombasa tangu karne nyingi yaligeuka makosa katika daftari la mwanafunzi, na hapana shaka kwamba dhuluma hiyo ilikuwa ya mwenye kalamu nyekundu. Lakini Kimvita kina wasemaji, kina watunzi, kina kina Muyaka. Ni kipimo cha watu wengi walichojiwekea wenyewe. Kanuni ya The Shaggs ilikuwa na wasemaji watatu, na hao watatu hawakuikusudia. Dot alipenda nyimbo za Herman's Hermits kama wasichana wengine wa rika lake. Alikuwa akilenga huko. Kilichonaswa Revere ni lugha ya mwanafunzi, mahali ilipofika siku ile ya Machi.

Na sababu ya kufika hapo tu si fumbo. Mwanafunzi wa lugha husahihishwa na mazungumzo zaidi kuliko na mwalimu. Huona nyuso za watu alipokosea. Hawa watatu walitolewa shule, hawakuruhusiwa kutembea na vijana wenzao, wakajizoeza wao kwa wao nyumbani mbele ya baba asiyekuwa mpigaji. Kila mmoja alijifunza kutokana na wawili wengine waliokuwa na ujinga ule ule. Redio waliisikia, lakini redio haimjibu mtu. Alipoandika juu ya jalada kwamba muziki wa binti zake haukuingiliwa na mambo ya nje, Austin alisema kweli tupu, naye ndiye aliyeufunga mlango.

Baada ya mwaka 1969 bendi iliendelea kupiga, na kwa kupiga mbele ya watu kila wiki walijifunza. Mwaka 1975 baba aliwarudisha studio ya Fleetwood. Nyimbo zilizonaswa safari hiyo zina mapigo yaliyosawazika zaidi, na ngoma na gita hutembea pamoja kwa sehemu kubwa. Husikika kama bendi ya kijijini isiyo na ustadi mkubwa, wala si kitu cha kushangaza. Kwa hiyo lugha yao haikuwa imeganda, ilikuwa njiani. Helen wakati huo alikuwa amekwisha kuolewa kwa siri, akaendelea kukaa kwa wazazi wake kwa muda kabla mambo hayajafichuka, jambo linaloonyesha jinsi wanawake wazima walivyoishi katika nyumba ile. Mwaka ule ule wa 1975 Austin alikufa ghafula kwa ugonjwa wa moyo. Binti zake waliacha kupiga mara moja. Hapakuwa na mkutano wala ugomvi. Waliolewa, wakapata watoto, wakafanya kazi za kawaida za kuwalisha. Nyumba ya Fremont iliuzwa. Mwenyeji mpya alisadiki kwamba mzimu wa Austin umo ndani, na mwishowe nyumba ikatolewa kwa kikosi cha zima moto cha mji, kikaichoma kwa kujizoeza kazi.

Sifa iliyotabiriwa ilikuja baadaye, wakati mtabiri na mtabiriwa wote wamekwisha kufa. Nakala chache za santuri zilikuwa zimezunguka mikononi mwa wapenzi wa mambo ya nadra. Husemwa kwamba Frank Zappa aliwasifu kuliko Beatles, ingawa maneno hayo hayana ushahidi wa kutosha. Terry Adams na Tom Ardolino wa bendi ya NRBQ waliipenda santuri hiyo, wakawatafuta akina dada, na mwaka 1980 ikatolewa tena. Adams alifananisha lahani zake na jazi ya Ornette Coleman. Mwaka 1981 Lester Bangs aliiandikia sifa kubwa katika gazeti la New York. Mwaka 1982 zikatoka nyimbo nyingine zilizokuwa zimehifadhiwa, na zile za 1975 zikiwamo. Kurt Cobain wa Nirvana, alipoandika orodha ya santuri hamsini alizozipenda, aliiweka ile ya kwanza nambari ya tano. Mwaka 1999 kampuni kubwa ya RCA ikaitoa upya, na Susan Orlean akaandika habari za ukoo huo katika jarida la The New Yorker. Makala yake ndiyo iliyowafanya wengi wajue kwamba nyuma ya kichekesho kulikuwa na watu. Ikafuata hata tamthilia ya nyimbo, iliyochezwa Los Angeles mwaka 2003 na New York mwaka 2011.

Katika sifa hizo zote mna jambo lisilo sawa, nalo halikuwapo katika makopo ya soda ya Exeter. Waliotupa makopo walau waliwahukumu wasichana kwa kipimo walichokilenga wenyewe. Wasifuji waliigeuza hatua moja ya safari kuwa ndio mwisho wa safari. Nyimbo za 1975, ambazo zinaonyesha maendeleo, hazikupata nusu ya mapenzi yaliyopewa zile za 1969, kwa kosa la kuwa nzuri kidogo. Ni kama mgeni aliyejifunza Kiswahili mpaka akaacha kusema "watoto yangu", halafu wenyeji wakamlaumu kwa kuwanyima raha ya kumsikiliza. Dot na Betty, kila walipoulizwa, walijibu kwa adabu kwamba wanashangaa watu wameona nini, na kwamba wangalipata muda zaidi wa kujizoeza wangalipiga vizuri zaidi. Jibu hilo limechukuliwa mara nyingi kuwa unyenyekevu. Lilikuwa ni maelezo.

Upande mwingine wa shilingi lazima usemwe pia. Kitu kisichokusudiwa chaweza kuwa kizuri, na uzuri wa nyimbo kadhaa za santuri ile si mzaha wa watu wa mjini. Katika wimbo wa paka aliyepotea, pale sauti mbili na gita zinapoifuata kila silabi huku ngoma zikienda zao, mna wasiwasi wa kweli ambao mpigaji mstadi asingeweza kuutengeneza, kwa kuwa mikono yake ingekimbilia mapigo manne bila yeye kutaka. Mstadi amekwisha kuisahau lugha ya mwanafunzi wala hawezi kuirudia ila kwa kuigiza.

Mwezi wa Novemba 1999 Dot na Betty walipanda jukwaani New York katika sherehe za miaka thelathini ya NRBQ. Helen, aliyekuwa na afya dhaifu, hakwenda. Alifariki mwaka 2006. Mwaka 2013 Dot alitoa albamu mpya pamoja na wapigaji vijana, na mwaka 2017 yeye na Betty waliimba nyimbo za 1969 katika tamasha huko North Adams, Massachusetts. Hawakushika magita. Wapigaji waliowasindikiza walikuwa watu waliosoma muziki, nao iliwabidi wajifunze nyimbo zile kwa kuisikiliza santuri noti kwa noti, wakihesabu kila mstari peke yake, kwa sababu hakuna mstari uliowasaidia kuujua unaofuata. Kazi iliyokuwa ngumu kuliko zote ilikuwa ya mpiga ngoma, aliyepaswa kuachana na lahani mahali pale pale ambapo Helen aliachana nayo, na kukutana nayo mahali pale pale alipokutana nayo.